Mesaji ya Koli: Tuipime Kama Tunavyopima Riwaya



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nilikuwa nimeandaa somo jingine kwa toleo hili. Nimeliweka pembeni kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Carama, jambo ambalo mimi pia nina sehemu yangu ya lawama. Nimewaomba ruhusa wahusika wawili, wakakubali nilieleze bila kuwataja majina.

KISA CHENYEWE

Ndugu mmoja ninayeishi naye nyumba moja alikuwa anasubiri kompyuta. Kaka yake anafanya kazi Muscat, na alikuwa amemwahidi kumtumia kompyuta yake ya zamani ili amalizie utafiti wa mwisho wa masomo. Siku ya Jumanne, tumetoka kuswali Adhuhuri, simu yake ikaingia mesaji. Ilitaja jina la kampuni moja ya usafirishaji, ikasema koli yake imefika Bujumbura lakini haiwezi kumfikia kwa sababu anwani haijakamilika. Alipe faranga 12,000 kwa namba iliyoandikwa hapo kabla ya saa 12 jioni, la sivyo mzigo utarudishwa ulikotoka.

Alilipa tukiwa bado tunavaa viatu mlangoni mwa msikiti.

Baada ya nusu saa akapigiwa simu. Mtu aliyepiga alianza kwa salaam kamili, akamwita "kaka", akamwambia umebaki ushuru wa forodha, faranga 45,000. Akalipa. Jioni likaja deni la tatu, faranga 80,000 za bima. Hizo alizikopa, na aliyemkopesha ni mimi. Baada ya hapo simu ya yule mtu haikupatikana tena. Usiku alipompigia kaka yake, aliambiwa kompyuta iko mezani Muscat, bado haijafungwa hata kwenye boksi. Faranga 137,000 zilikuwa zimekwenda kwa mzigo ambao haujasafiri hata hatua moja.

Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma masomo ya dini pale nyumbani: je, aende kuripoti? Nikamjibu kwa haraka kwamba kumsitiri Muislamu ni jambo kubwa, na mtu yule alitoa salaam, basi amwachie Mungu. Alilipokea jibu langu kwa furaha, maana lilimwepusha na aibu ya kusimulia jinsi alivyotapeliwa. Tukanyamaza wote wawili.

Siku 16 baadaye, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alifika kwenye darsa la akina dada akilia. Alikuwa amelipa faranga 57,000, sehemu ya pesa ya chumba, kwa ajili ya koli kutoka kwa mama yake mdogo. Nilipoonyeshwa ile mesaji, niliitambua namba kabla sijaimaliza kuisoma. Ilikuwa ni ileile.

Siku hiyo nilielewa kwamba nilimsitiri asiyestahili, nikamwacha wazi aliyestahili kulindwa. Somo hili ni kaffara yangu ndogo. Lina sehemu mbili: jinsi ya kuitambua mesaji ya uongo, na kwa nini kuiripoti ni wajibu wetu.

KWA NINI INATUNASA

Wengi hudhani anayetapeliwa ni mtu asiyesoma au mwenye tamaa. Huyu ndugu yetu si hivyo wala vile. Alinaswa kwa sababu tatu, na kila mmoja wetu anazo.

Kwanza, alikuwa na tumaini la kweli. Tapeli hakujua habari za kompyuta. Anayetuma mesaji moja kwa namba nyingi hahitaji kujua chochote, kwani katika watu mia hawakosekani wachache wanaosubiri kitu. Kwetu hapa, nani hana ndugu Oman, Saudia, Ulaya au Dar es Salaam? Tumaini lako ndilo linaloujaza uongo wake.

Pili, kiasi cha kwanza ni kidogo. Faranga 12,000 hazimfanyi mtu akae chini afikiri. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachokuingiza ndani, na ukishaingia unaogopa kupoteza ulichokwisha kutoa, kwa hiyo unaongeza.

Tatu, alipewa muda mfupi. "Kabla ya saa 12 jioni." Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tunafundishwa kwamba utulivu unatoka kwa Mwenyezi Mungu na haraka inatoka kwa shetani. Wazee wetu nao wakasema haraka haraka haina baraka. Mwenye koli ya kweli hukutaka uje na kitambulisho chako. Tapeli hukutaka usipate nafasi ya kumuuliza mtu.

Wala tusijione tuko peke yetu. Marekani, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilitangaza Aprili 2025 kwamba kwa mwaka 2024 watu waliripoti kupoteza dola milioni 470 kwa utapeli ulioanzia kwenye mesaji za simu, na aina iliyoripotiwa zaidi ilikuwa ni hii ya koli za uongo. Ulaya, mwaka 2021, mesaji za koli ziliwataka watu wapakue programu ya "kufuatilia mzigo". Programu hiyo ilikuwa ni kirusi kilichoitwa FluBot. Kiliiba maneno ya siri ya benki, kisha kikajituma chenyewe kwa namba zote zilizohifadhiwa katika simu ya mhanga. Ilihitajika kazi ya pamoja ya nchi 11, na polisi wa Uholanzi ndio waliouzima mtandao wake mwezi Mei 2022. Karibu nasi, Shirika la Posta la Kenya limewaonya wananchi juu ya mesaji za "anwani haijakamilika", na Posta ya Oman imetoa maonyo ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo mesaji iliyofika Carama ina ndugu zake dunia nzima.

TUANZE NA SANAD

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini kwamba akiwajia fasiki na habari wathibitishe kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaieleza aya hiyo kwa kisa cha mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banul Mustaliq, akarudi Madina na habari isiyo ya kweli. Habari ile ilikaribia kuleta vita. Tunaisoma aya hii kila mara tunapozungumzia uvumi, na mara chache tunakumbuka kwamba mesaji ya koli nayo ni habari, na aliyeileta hatumjui.

Umma huu una elimu nzima ya kupima habari. Ibn Sirin ameeleza, kama ilivyopokewa katika utangulizi wa Sahih Muslim, kwamba mwanzoni watu hawakuwa wakiuliza sanad, lakini ilipozuka fitna wakaanza kudai watajiwe majina ya wapokezi. Sisi tuko katika fitna ya simu. Basi tuulize sanad, yaani tuulize nani katuma na kaipata wapi habari yangu.

1. Jina juu ya mesaji si ushahidi. Jina la kampuni linaweza kuandikwa na yeyote. Wanazuoni wa hadithi wana neno kwa mpokezi anayejifanya amesikia kwa mtu ambaye hakumsikia: tadlis. Tapeli anafanya tadlis. Tazama namba yenyewe. Namba za Burundi zinaanza na +257. Mesaji ya "posta" inayotoka kwa namba ya +63, ambayo ni ya Ufilipino, imejifichua yenyewe. Lakini angalia: namba ya +257 nayo haithibitishi ukweli. Aliyemtapeli ndugu yetu alitumia namba ya hapahapa.

2. Barua pepe isomwe anwani yake, si jina lake. Kwenye simu, gusa jina la mtumaji mpaka anwani kamili itokee. Yanayokuja baada ya alama ya @ ndiyo yanayomtambulisha. Kampuni kubwa ya usafirishaji haitumi barua kutoka anwani ya bure ya Gmail au Yahoo.

3. Linki isomwe kutoka kulia kwenda kushoto, kama tunavyosoma Kiarabu. Chukua mfano huu wa kubuni: dhl.com.pokea-koli.top/lipa. Jicho lenye haraka linaona "dhl.com" mwanzoni na kuridhika. Wewe tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto: kuna "top", kabla yake "pokea-koli". Basi mwenye tovuti ni pokea-koli.top, na maneno "dhl.com" yamewekwa hapo kama pambo tu. Linki zilizofupishwa, ambazo hazionyeshi zinakokwenda, usizifungue kabisa.

4. Tafuta kiungo kati yako na mtumaji. Imam Bukhari alisifika kwa kutaka uthibitisho kwamba mpokezi amekutana kweli na shekhe wake. Wewe na kampuni hiyo mmekutana wapi? Koli ya kweli ina mtumaji, na mtumaji hupewa karatasi yenye namba ya kufuatilia mzigo. Ndugu yetu angempigia kaka yake dakika mbili tu na kumuuliza ametuma kwa kampuni gani, na namba ya mzigo ni ipi, sanad ingekatika palepale na faranga zake zingebaki.

KISHA TUITAZAME MATINI

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula. Juu lilikuwa kavu. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka vimeloa. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akaeleza kwamba anayedanganya watu katika biashara hayuko pamoja naye. Sisi hunukuu ile hukumu ya mwisho na kusahau kitendo kilichotangulia. Mtume hakuishia kwenye sura ya juu ya lile rundo. Aliingiza mkono.

Basi ingiza mkono katika mesaji. Utakuta unyevu mahali hapa:

1. Haikutaji jina. "Mteja mpendwa" ni mtu yeyote. Mzigo wa kweli umeandikwa jina lako, la mtumaji, na mahali ulikotoka.

2. Inasema anwani yako haijakamilika. Kwetu Burundi barua za posta huenda kwenye sanduku la posta, na wengi wetu tunaokaa Carama hatuna anwani ya nyumba ambayo mtu aliiandika popote. Mzigo unaokuja kwa basi au kwa wakala wa mizigo, mwenye kazi hiyo hupiga simu na wewe unaufuata. Sasa ni anwani gani hiyo iliyokosa kukamilika?

3. Inataka pesa iende kwa namba ya mtu binafsi. Ushuru wa forodha upo kweli, na hapa nchini unasimamiwa na OBR. Lakini malipo ya serikali yana karatasi na risiti, na hayatumwi kwa njia ya Lumicash au EcoCash kwenda kwa mtu aliyekupigia simu.

4. Inataka siri zako. Hakuna koli duniani inayohitaji namba yako ya siri ya pesa za simu, neno la siri la barua pepe, wala ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako. Atakayekuomba hizo anataka kuingia nyumbani mwako.

5. Ina kiambatisho au programu ya kupakua. Katika barua pepe, faili inayoitwa "risiti" au "ankara" ambayo hukuitarajia usiifungue, hasa ikiwa imefungwa kama zip. Kwenye simu, usikubali programu inayotoka kwenye linki ya mesaji. FluBot iliingia kwa mlango huo.

6. Lugha yake inayumba. Mara nyingi ni Kifaransa kilichotafsiriwa na mashine, au Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote. Hata hivyo alama hii inazidi kudhoofika, kwa kuwa mashine sasa zinaandika vizuri. Lugha safi isikupe amani.

KUTHIBITISHA SI KUKANUSHA

Aya haikutuamrisha tukatae kila habari. Imetuamrisha tuthibitishe. Wapo wanaopokea koli za kweli, na wapo mawakala waaminifu wanaopiga simu. Ukikataa kila kitu utapoteza mzigo wako na utawadhulumu wenye kazi halali.

Njia ni nyepesi. Usijibu mesaji, usiguse linki, usiipigie namba iliyomo ndani yake. Mpigie kwanza aliyekutumia mzigo. Kisha wasiliana na kampuni kwa njia uliyoipata wewe mwenyewe: karatasi ya mtumaji, tovuti uliyoiandika kwa mkono wako, au bora zaidi nenda ofisini kwao mjini ukiwa na kitambulisho. Mwenye haki ya mzigo hapotezi chochote kwa kuchelewa saa mbili. Na kama aliyepiga simu anakasirika ukimwambia "ninakuja mwenyewe ofisini", basi umeshapata jibu lako.

UKIWA UMESHATUMA

Usikae kulia chumbani. Kila dakika ina thamani.

Kwanza, ipigie kampuni ya simu au nenda kwenye ofisi yao haraka, ueleze muamala na uombe pesa izuiliwe kama bado haijatolewa. Hakuna ahadi kwamba itarudi, lakini asiyeomba hana hata nafasi hiyo. Pili, badilisha namba ya siri. Kama uliandika neno la siri la barua pepe, libadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Kama ulitoa namba za kadi ya benki, iambie benki iifunge. Tatu, usifute chochote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na hilo linatufundisha jinsi dini yetu inavyothamini ushahidi wa mali. Piga picha ya skrini. Andika namba, saa, kiasi, na namba ya muamala. Nne, akija mtu mwingine akisema anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada kidogo, jua kwamba huyo ni tapeli wa pili, au ni yuleyule wa kwanza aliyebadilisha sauti.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunafundishwa kwamba muumini haumwi mara mbili kutoka tundu moja. Mimi naongeza swali: tundu likimuuma mmoja wetu na akanyamaza, je, wa pili atalijuaje?

KURIPOTI SI GHIBA

Hapa narudi kwenye kosa langu. Nilitumia fundisho la kumsitiri Muislamu mahali pasipo pake. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kwamba sitara inayopendekezwa ni kwa mtu mwenye heshima ambaye hajulikani kwa maudhi na uharibifu. Anayejulikana kwa kuwadhuru watu hasitiriwi, bali jambo lake hufikishwa kwa wenye mamlaka, kwa sababu kumsitiri kunampa nguvu ya kuendelea. Katika Riyadhus Salihin amezitaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa. Miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa kushtaki, kutaka msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha Waislamu na shari.

Wanazuoni wa hadithi walikuwa wakisema wazi kwamba fulani ni mwongo, fulani hifadhi yake ni dhaifu. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimkataza Imam Ahmad bin Hanbal asiwasengenye wanazuoni, naye akamjibu kwamba ile ni nasaha, si kusengenya. Kama wangenyamaza kwa kuogopa ghiba, leo tungekuwa tunaswali kwa hadithi za kutungwa.

Tena kumripoti tapeli ni kumsaidia. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na maswahaba walipouliza atasaidiwaje dhalimu, akaeleza kwamba ni kwa kumzuia na dhulma. Huenda aliye nyuma ya namba ile ni kijana kama sisi. Kila faranga anayoila kwa batili itamsimamia Siku ya Kiyama. Anayemzuia leo amempunguzia mzigo.

TURIPOTI WAPI

Jirani zetu wamerahisisha jambo hili. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa bure kwenda 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka mesaji ya utapeli kwenda 333. Uingereza na Marekani ni 7726, tarakimu ambazo kwenye vitufe vya simu zinaandika neno spam. Namba hizi ni za nchi hizo, si za kwetu. Wenye ndugu huko wawafahamishe. Sisi wa Bujumbura tufuate njia hizi:

1. Kampuni ya simu ya namba iliyotumika. Wao ndio wanaoweza kuifunga. Nenda ofisini kwao na ushahidi wako.

2. Polisi. Onana na OPJ, ofisa wa upelelezi, utoe malalamiko yako kwa maandishi. Burundi ina sheria namba 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni. Usiende kama mtu anayeomba msamaha kwa ujinga wake. Nenda kama mwenye haki.

3. ARCT, chombo cha serikali kinachosimamia mawasiliano ya simu.

4. Kampuni ambayo jina lake limechafuliwa. DHL, kwa mfano, hupokea barua pepe za uongo zinazotumia jina lake kupitia phishing-dpdhl@dhl.com.

5. Ndani ya simu yenyewe. Gmail na WhatsApp zina sehemu ya kuripoti. Ripoti kwanza, ndipo umzuie mtumaji.

6. Jumuiya yetu. Napendekeza ndugu mmoja na dada mmoja wachaguliwe kupokea taarifa hizi, na onyo lisomwe baada ya swala ya Ijumaa, likiwa na namba iliyotumika na bila jina la aliyeibiwa.

ADABU YA KURIPOTI

Tusimkimbie fasiki mmoja tukawa mafasiki wengine. Namba inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la bibi fulani asiyejua lolote, au simu iliibwa. Kwa hiyo tusisambaze kwenye makundi ya WhatsApp picha na jina la mtu tukisema "huyu ndiye mwizi". Surat an-Nisaa, aya ya 83, inawakosoa wale wanaoitangaza kila habari inayowafikia, na inaelekeza irejeshwe kwa Mtume na kwa wenye madaraka wanaoweza kuichunguza. Kazi yetu ni kufikisha ushahidi. Kumjua mtu aliye nyuma ya namba ni kazi ya wenye mamlaka.

Na aliyetapeliwa tusimcheke. Neno "ulikuwaje mjinga hivyo" ndilo linalowafunga mdomo watu kumi watakaofuata. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini nani atafunua kidonda mbele ya wanaocheka? Sitara tuliyofundishwa inamfaa huyu. Tusitiri jina lake, tuifichue namba iliyomwibia.

Nimalizie kwa habari ya wale wawili. Tulikwenda pamoja, watatu, kwenye kampuni ya simu na kisha kwa OPJ, tukiwa na mesaji zote mbili zilizochapishwa kwenye karatasi moja. Pesa haikurudi. Ofisa aliyepokea malalamiko alituuliza swali moja tu lililoniuma: kwa nini wa kwanza hakuja siku ileile? Ndugu yangu alinitazama. Nikajibu kwamba kosa lilikuwa langu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARSA

1. Soma tafsiri ya al-Hujurat 6 na an-Nisaa 83. Ipi inahusu kupokea habari, na ipi inahusu kuieneza?
2. Fungua mesaji au barua pepe moja ya koli uliyowahi kupokea. Eleza sanad yake, kisha matini yake. Ungeipa daraja gani?
3. Nini tofauti ya kumsitiri mwenye dhambi ya siri na kumnyamazia anayewadhuru watu?
4. Je, nyumbani kwenu mzee au mdogo wako anajua la kufanya akipata mesaji kama hii? Mfundishe kabla ya toleo lijalo.

Mwenyezi Mungu atulindie mali zetu na ndimi zetu, awarudishie waliodhulumiwa kilicho bora kuliko walichopoteza, na awaongoze waliodhulumu warejee kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq.